Kipande Kimoja Tu

Mashine ya kukoboa mpunga ikigoma Kamsamba katikati ya mavuno, hakuna anayewaza kununua mashine nyingine. Fundi huifungua, akapangusa grisi kwa kidole gumba hadi namba iliyogongwa ubavuni mwa beringi ionekane, halafu akapiga simu Tunduma. "Bosi wangu, habari za huko? Naomba beringi moja, 6204." Hana haja ya kutaja kampuni iliyotengeneza mashine wala mwaka ilipotoka kiwandani, na mwenye duka haulizi. Namba hiyo peke yake inasema tundu ni milimita 20, kipenyo cha nje milimita 47, unene milimita 14, na itasema hivyo hivyo beringi ikiwa imetoka China, India au Japani. Pesa hutumwa kwa simu. Beringi hufungwa kwenye kipande cha boksi, juu yake huandikwa jina na namba ya simu ya mpokeaji, akakabidhiwa konda. Basi likishateremka kutoka nyanda za juu hadi kwenye joto la bonde la Ziwa Rukwa, mwenye mzigo huwa ameshafika stendi kungoja.

Namba ikiwa imefutika, kuna njia nyingine. Spea iliyokufa hupakiwa kwenye basi linalopanda, ikafika dukani ikiwa sampuli, mwenye duka akailinganisha na zilizo rafuni, akairudisha mbovu pamoja na nzima. Siku hizi picha ya simu hupunguza safari hiyo, ingawa mafundi wazoefu hawaiamini sana. Picha haina kipimo. Nati ya spana namba 12 na ya namba 14 hazitofautiani pichani, na ukikosea hapo basi limekwenda bure.

Utaratibu huu wa kuagiza kile tu kinachokosekana umezoeleka mno hata hatuusifu. Mimi nausifu. Naamini ndio unaotenganisha kitu kilicho chako na kitu ulichoazimwa na kiwanda kwa muda, kwa sababu kitu usichoweza kukipatia spea kiko mikononi mwako hadi siku kitakapoharibika, si zaidi. Na naamini mtoto anastahili kuujua utaratibu huo mapema, kwenye michezo yake, kabla hajakabidhiwa baiskeli wala pikipiki.

Kuna midoli iliyobuniwa kwa fikra hiyo hasa. Mwaka 1901 karani mmoja wa Liverpool, Frank Hornby, alisajili hataza ya mdoli wa kujenga aliokuwa ameuunda kwa ajili ya wanawe. Vilikuwa vipande vyembamba vya chuma vyenye matundu, na umbali kati ya tundu na tundu ulikuwa nusu inchi, daima nusu inchi. Hapo ndipo ulipo ugunduzi wake. Winchi ikishachezewa na kuchosha, vipande vile vile viliweza kugeuka daraja au gari, kwa kuwa kila tundu lilikubali kila bolti. Kuanzia 1907 mdoli huo ukajulikana kwa jina la Meccano, na katika orodha yake kila kipande kilikuwa na namba. Kipande cha matundu 25, urefu wa inchi 12 na nusu, ni namba 1. Cha matundu matano ni namba 5. Nati ni 37a, bolti yake ni 37b. Mtoto aliyepoteza nati hakulazimika kununuliwa seti nyingine. Alikwenda dukani na sarafu yake, akataja namba, mwenye duka akavuta droo. Kiwanda cha Liverpool kilifungwa 1979, lakini nusu inchi ile ilikuwa imeshatoka mikononi mwa kiwanda. Ilikuwa mali ya kila aliyekuwa na kopo la vipande nyumbani.

Tofali la plastiki la LEGO lilifuata njia hiyo hiyo. Kampuni ilianzishwa 1932 na seremala wa Billund, Denmark, Ole Kirk Christiansen, ambaye alianza na midoli ya mbao. Tofali tunalolijua leo lilisajiliwa tarehe 28 Januari 1958, wakati wa mwanawe, Godtfred. Kutoka kinundu hadi kinundu ni milimita 8, na kimo cha tofali ni milimita 9.6. Vipimo hivyo havijaguswa tangu hapo. Tofali la 1958 lililokutwa stoo linabana sawasawa juu ya tofali lililotoka kiwandani mwezi uliopita, na sijui vitu vingi vya plastiki vinavyoweza kutamkiwa maneno hayo.

Watu wazima hudharau upotevu wa kipande kimoja. Wasidharau. Matofali mawili ya vinundu vinane, yakiwa ya rangi moja, huunganishwa kwa namna 24. Sita huunganishwa kwa namna 915,103,765; hesabu hiyo ilipigwa na mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Søren Eilers, pamoja na wenzake, baada ya hesabu ndogo zaidi kunukuliwa kwa miaka mingi. Sasa ondoa tofali moja. Yakibaki matano, namna zinashuka hadi kama milioni 10. Aliyepoteza kimoja kati ya sita hakupoteza sehemu moja ya sita ya mchezo. Kati ya kila majengo mia aliyoweza kuyajenga, amebakiwa na moja hivi. Mtoto anayelia kwa ajili ya kipande kilichopotelea uvunguni hajui kupiga hesabu hiyo, lakini kilio chake kiko karibu na ukweli kuliko maneno ya anayemwambia, "Nyamaza, si kimoja tu?"

Kwa sababu hiyo biashara ya kipande kimoja kimoja ikakua. Mwaka 2000 mpenzi mmoja wa matofali hayo, Dan Jezek, alifungua soko mtandaoni ambalo baadaye liliitwa BrickLink. Humo watu wa nchi nyingi huuza tofali moja moja, jipya au lililotumika, kwa namba na kwa rangi. Tofali la vinundu vinane ni 3001 kwa muuzaji wa Ujerumani na kwa muuzaji wa Marekani. Mwaka 2019 kampuni ya LEGO yenyewe ililinunua soko hilo. Mwenye kiwanda alinunua soko lililojengwa na wapenzi wa kipande kimoja, jambo linaloonyesha uzito wa kipande hicho.

Ukilitazama soko hilo kutoka Kamsamba, tatizo ni nauli. Kipande cha senti chache za euro kikisafiri peke yake kutoka Ulaya, posta huizidi bei yake mara nyingi. Lakini nauli ni tatizo ambalo watu wetu wamelitatua siku nyingi. Hakuna anayeleta kioo kimoja cha simu kutoka Guangzhou kwa ndege. Wafanyabiashara wa Kariakoo huchangia kontena, mzigo ukifika hugawanywa, wa Tunduma akachukua katoni, wa bondeni akachukua kimoja. Safari ndefu husafirisha vingi, safari fupi husafirisha kimoja, na katikati yuko mtu aliyekubali kufungua katoni. Kwenye midoli ya kujenga, mtu huyo ndiye anayekosekana.

Mtoto wa Kamsamba, hata hivyo, hakumngoja. Aliyewahi kufika Tunduma ameona malori ya semi yakipanga foleni kuingia Zambia, mengine yakielekea Kongo, na akirudi bondeni huyaunda. Chesisi ni waya uliokunjwa kwa meno na jiwe. Maungio hufungwa kwa mpira wa tyubu. Matairi hukatwa kwa wembe kwenye ndala iliyokwisha. Usukani hupandishwa kwa fito ndefu hadi usawa wa kifua, ili dereva aendeshe akiwa amesimama, akikimbia, huku gari likikata kona mbele ya miguu yake. Ng'ambo ya mpaka, Zambia na Malawi, watoto wenzake hufanya hivyo hivyo, na gari lao hukata kona vizuri vile vile.

Kabla ya waya kuna mabua. Bua la mtama au la mahindi likibanduliwa ganda, ule moyo mweupe wa ndani huwa boriti, na ganda likichongwa vijiti huwa misumari. Boriti na msumari vimetoka kwenye mmea mmoja. Ni seti kamili ya kujengea, inaachwa shambani bure kila baada ya mavuno, na spea zake hazihitaji basi. Nimetafuta cha kuiongezea nikakosa, isipokuwa kwamba haidumu: mchwa na mvua huimaliza kabla ya msimu mwingine.

Na ndani ya gari la waya kuna kipande ninachokipenda kuliko vyote, kizibo cha soda. Watoto hukitumia kuwa rimu, taa, wakati mwingine kengele. Kizibo hicho kilibuniwa Baltimore, Marekani, na William Painter, aliyekisajili mwaka 1892, na leo kina meno 21. Chupa iwe imejazwa Mbeya, Lusaka au Nairobi, iwe ya soda au ya bia, kizibo ni kile kile. Kwa hiyo mtoto anayeokota kizibo nje ya duka la Kamsamba ameokota kipande chenye kipimo cha dunia nzima, na anajua hivyo kwa vidole vyake, kwa sababu hachagui. Rimu ya kushoto ikipotea haendi kutafuta kizibo cha kampuni ile ile. Anaokota chochote, kinakaa. Huo ndio ukamilifu ambao Hornby aliutafuta kwa nusu inchi.

Tatizo linabaki kwenye sehemu nyingine za gari. Ekseli ya mtoto huyu ni ya waya mnene, ya jirani yake ni spoku ya baiskeli. Tairi la huyu limetobolewa tundu kubwa, la yule dogo. Magari mawili mazuri yakiharibika siku moja, hayawezi kutoa moja zima. Kila mtoto ameanza upya, kwa kipimo cha kichwa chake, na ufundi wake haushikani na wa mwenzake. Hilo silioni kuwa dogo hata kidogo. Kijiji chenye watoto hodari ishirini ambao kazi zao haziungani kinajenga magari ishirini. Vipimo vyao vikilingana, wanaweza kujenga kitu ambacho hakuna hata mmoja wao angekiweza peke yake.

Watu wazima wamelipa gharama ya jambo hilo, na ushahidi unapita Tunduma kwenyewe. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, na upana wa njia yake ni milimita 1,067 ili mabehewa yaingie Zambia na kuendelea kusini bila kusimama. Reli ya Kati, iliyotangulia tangu enzi ya Wajerumani, ina milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67. Kwa tofauti hiyo, behewa la Kigoma halifiki Tunduma. Mzigo hushushwa Kidatu na kupakiwa upya kwenye behewa jingine. Reli mpya ya SGR nayo ina milimita 1,435, na Dar es Salaam sasa inahudumia njia za vipimo vitatu. Kila kipimo kilikuwa na sababu yake na waliokichagua hawakuwa wajinga. Lakini mtu aliyechezea vipande vinavyokubaliana akiwa na miaka sita, akikaa siku moja kwenye meza inayochagua kipimo cha taifa, atauliza mapema swali ambalo wengine huliuliza zege likishakauka: hiki kitashikana na kipi?

Turudi madukani. Katika maduka yetu mengi seti za matofali ya plastiki huja boksi zima, nyingi kutoka China, zikiwa na picha ya helikopta au jumba juu ya mfuniko. Mzazi hununua boksi kwa ajili ya ile picha. Helikopta hujengwa mara moja, tena mara nyingi na baba. Wiki inayofuata panga moja limepotea, mwezi unaofuata rota nzima, na vilivyobaki huishia kwenye shimo la taka pamoja na maganda ya ndizi. Hakuna karatasi ya kuagizia. Hakuna mahali pa kuuliza. Mtoto amefundishwa kwamba kikipungua kimoja, vyote vimekufa, na dawa yake ni boksi jipya. Silaumu umaskini wa plastiki yake wala ughali wa boksi. Nalaumu lile somo.

Na ubaya wake ni kwamba somo hilo si la lazima. Hataza ya tofali la msingi iliisha muda wake zamani, kwa hiyo viwanda vingi vinavyoiga hufuata milimita 8 zile zile. Chukua matofali ya maboksi mawili yenye majina tofauti, yabane: mara nyingi yanashikana. Ina maana kwamba spea za midoli hiyo tayari ziko Tunduma. Zimefungiwa ndani ya maboksi yanayouzwa mazima.

Hebu mfikirie mtoto wa darasa la pili anayekwenda kwa fundi baiskeli ambaye ameweka kopo la matofali ya akiba kando ya kopo la gololi na lile la nipo za spoku.

"Shikamoo, babu fundi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umepungukiwa nini?"

"Kale kadogo ka bluu."

"Kana vinundu vingapi?"

Hapo mtoto atanyamaza. Itambidi arudi nyumbani akaangalie pengo, ahesabu vinundu vya jirani, apime urefu kwa kijiti, ajue kama ni tofali kamili au lile bapa ambalo kimo chake ni theluthi ya tofali. Akirudi atasema, "Bapa, vinundu vinne, mstari mmoja." Bluu ikikosekana atachukua nyekundu, na atakuwa amejifunza pia kipi ni cha lazima na kipi ni cha urembo. Kazi hiyo ndiyo ile aifanyayo fundi mwenye grisi kidoleni: kukitambua kisichopo kwa kukisoma kilichopo. Sijui zoezi la darasani linalofundisha hilo kwa uhakika zaidi. Kitu kilichopo mtoto anaweza kukionyesha kwa kidole. Pengo lazima alitaje, na kulitaja kunadai kipimo.

Shule zetu haziko mbali na jambo hili. Madarasa ya awali yana kona za kujifunzia, na walimu wamekuwa wakileta vizibo, mabua na makopo kwa ajili ya kuhesabia. Shirika la BRAC, kwa fedha za LEGO Foundation, lilianzisha vituo vya watoto kujifunza kwa kucheza nchini Bangladesh, Uganda na Tanzania, na midoli mingi ya humo ilitengenezwa kwa vifaa vya mahali pale pale. Fedha za taasisi hiyo hiyo, dola milioni 100, ziliwezesha mradi wa PlayMatters wa shirika la IRC nchini Uganda, Ethiopia na Tanzania, kwa watoto wakimbizi na wenyeji wao. Nafurahi kwamba mchezo umepewa uzito huo. Ninachokiomba Kamsamba ni kidogo zaidi na hakihitaji mfadhili: waya wa unene mmoja kwa magari yote ya darasa, msumari mmoja wa kutobolea matairi yote, na kopo la kuwekea vipande vilivyobaki ili atakayepungukiwa aje kuomba kwa kutaja kipimo.

Kuna atakayesema kwamba bondeni kuna mambo mazito zaidi, na nayajua: barabara ya Mlowo hadi Kamsamba, kilomita kama 130, ambayo masika huigeuza safari ya siku, bei ya mpunga, dawa zahanati. Lakini Daraja la Momba, lenye urefu wa mita 84, linaloiunganisha Kamsamba na Kilyamatundu upande wa Rukwa, lilijengwa na watu waliowahi kuwa watoto, na litatunzwa na watu ambao leo wako darasa la awali. Siku bolti ya daraja hilo itakapolegea, ningependa awepo mtu wa pale pale atakayejua kuitaja kwa namba na kuiagiza.

Mzazi, matofali ya mwanao yakipungua usiyatupe. Yatie kwenye kopo, umpelekee fundi au mwalimu, kwa sababu kipande kisichokufaa wewe ndicho anachokitafuta mtoto wa nyumba ya tatu. Mwalimu, wape watoto kipimo kimoja, halafu waache wajenge wanachotaka. Nawe mwenye duka la midoli Tunduma, nakuomba hasa wewe: fungua boksi moja tu kati ya hayo uliyopanga, yagawe matofali kwa ukubwa kwenye makopo, bandika namba, na uuze kimoja kimoja.